Kaka anataka kung'oa bustani ya marehemu mama, na mimi nimegombana na aya ya Biblia

BARUA

Shikamoo mama mshauri.

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, mwalimu wa shule ya msingi hapa Mbeya mjini. Nimeolewa, nina watoto watatu. Kwetu ni Rungwe, ukishapita Kiwira kabla hujafika Tukuyu. Naomba kijiji usikitaje.

Mama yetu alifariki mwaka huu katikati ya Februari, kwa presha. Alikuwa mjane wa siku nyingi. Kitu kimoja ambacho kila mtu wa kule angekwambia kumhusu ni maua. Najua kwetu kila mwanamke ana maua mawili matatu mbele ya nyumba, ila mama alikuwa na bustani hasa, kama robo eka, kuanzia migomba inapoishia hadi barabarani. Dalia za kila rangi. Haidranjia, ambazo kwetu zinakuwa za bluu iliyokolea mpaka wageni wanauliza kama zimepakwa rangi. Waridi. Na yale meupe makubwa yenye umbo la tarumbeta, yanayoota mferejini. Kila Jumamosi jioni alikata, akafunga kwa ukambaa wa mgomba, akapanga kwenye beseni, akajitwika hadi kanisani. Sisi ni Wamoravian. Kazi hiyo aliifanya miaka 31, na hakuna aliyemlipa wala aliyemtuma. Kwaresima alipeleka majani matupu bila ua hata moja. Alisema, "Na macho nayo yafunge." Halafu asubuhi ya Pasaka anapeleka mabeseni matatu.

Alipofariki, bustani ilikuwa imechanua kuliko miaka yote. Kina mama wa kanisani walikuja wakakata karibu zote, wakapamba jeneza. Lilipendeza, siwezi kusema uongo. Mchungaji akasoma Isaya 40, majani yakauka, ua lanyauka. Nikaitikia amina kama wengine. Baada ya siku nne nikaenda kaburini peke yangu, nikakuta yale maua yamekuwa kahawia, yameoza kwa mvua, yananuka. Mama, jeneza nililivumilia. Yale maua sikuyavumilia. Niliketi kwenye matope nikalia mpaka wifi yangu akaja kuniinua.

Sasa tatizo lenyewe. Tumebaki wawili, mimi na kaka yangu mkubwa, ambaye anaishi pale nyumbani na mke wake. Kaka anataka kung'oa bustani apande parachichi. Ameshalipia miche 20 ya aina ya Hass iliyobebeshwa, atachukua mvua zikianza Novemba. Anasema sehemu nyingine yote ina migomba na chai, ile ndiyo pekee yenye jua la kutosha na iliyo karibu na barabara, gari la mnunuzi linafika. Ana kijana chuoni na ada inamsumbua, hilo nalijua. Lakini katika kikao cha ukoo mwezi Agosti nilipopinga, alinijibu mbele ya baba wadogo wote: "Maua hayaliwi. Na Biblia yenyewe imesema ua lanyauka, bali neno la Mungu wetu litasimama milele. Wewe umeshikilia kinachonyauka." Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Baba mdogo mmoja akacheka. Nilitoka nje.

Nilipokwenda wiki iliyopita nikakuta ameshapiga vijiti vya kupimia mashimo bustani nzima, hadi karibu na kaburi. Amesahau mstari mmoja tu, ule wa chini ya dirisha la chumba cha mama. Na bustani yenyewe sasa hivi ni mashina makavu. Kaka akaniambia, "Angalia mwenyewe, imeshakufa."

Kanisani nako hivyo hivyo. Baada ya mazishi vyombo vya maua vilikaa vitupu Jumapili saba, hata majani ya Kwaresima hayakuwekwa. Asubuhi ya Pasaka nikaingia nikakuta kamati imenunua maua ya plastiki. Mama mmoja akaniambia kwa furaha, "Haya sasa hayanyauki, kama uzima wa milele." Sijarudi katika kanisa lile hadi leo. Wamemfuta mama kwa wiki saba.

Mume wangu ni mtu mzuri lakini ananiambia ni maua tu, mama hayupo pale. Sisi tunaishi nyumba ya kupanga, uwanja wote sementi, siwezi kuhamishia chochote.

Kinachoniogopesha zaidi ni imani yangu. Nikifungua Biblia nakutana na aya ile, nafunga. Kama Mungu anapenda vya milele, kwa nini alihangaika kutengeneza kitu kizuri namna ile halafu akakipa siku nne? Na kwa nini tuambiwe tusikishikilie? Nikisali naona nasema na ukuta.

Je, nipambane na kaka au nimwachie? Je, imani yangu imekufa? Na la tatu naona aibu hata kuliandika. Mama nilimzoea akiwa na kisu kidogo, anapita kila asubuhi anakata maua yaliyokwisha. Alikuwa anasema, "Ua likishanyauka usilionee huruma, likate, usipolikata mmea unadhani kazi imekwisha." Sasa huko mbinguni ambako hakuna kinachonyauka, mama atakuwa anafanya nini?

Binti wa Mama Maua, Mbeya

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mimi ni wa Iringa, Kinyakyusa changu ni maneno mawili, ndaga na fijo, basi ndaga fijo kwa kuniamini na barua hii. Nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, uji ukamwagika.

Ngoja nikurudishie nilichokisikia, kama nimekosea unisahihishe. Umempoteza mama mwezi Februari. Tangu hapo kila sehemu uliyokuwa ukimkuta imeguswa na mtu mwingine: bustani imeguswa na kaka, meza ya Bwana imeguswa na kamati, na hata maneno ya Mungu yaliyosomwa juu ya jeneza lake yamegeuzwa fimbo ya kukuchapa mbele ya baba zako wadogo. Na wewe huna mahali pa kumlilia. Mumeo anasema ni maua tu. Kwa hiyo unanidai majibu matatu kwa mkupuo, la ardhi, la imani na la mbinguni. La ardhi nitajaribu. La mbinguni nitakuonyesha tu ninapoishia kujua.

Nianze na aya, maana naona ndiyo iliyokukaba.

Isaya 40 haianzi na majani. Fungua mstari wa kwanza kabisa: "Watulizeni mioyo, watulizeni mioyo, watu wangu, asema Mungu wenu." Ni sura ya faraja. Inasemwa kwa watu waliohamishwa Babeli, ambao mji wao uliteketezwa na hekalu likabomolewa. Hao ndio wanaoambiwa kwamba wote wenye mwili ni majani, na wema wao wote ni kama ua la kondeni. Kwa mtu aliyefungwa na mfalme mwenye nguvu, kusikia kwamba hata huyo mfalme ni majani ni habari ya kupumua. Na kule kwao si kama Rungwe, ambako mvua inanyesha mpaka nguo hazikauki. Ni nchi ambayo maua ya kondeni hutoka baada ya mvua za baridi, halafu upepo wa moto wa jangwani unapita, kwa siku chache kilima kizima kimekuwa kahawia. Nabii alikuwa anaeleza kitu ambacho kila msikilizaji wake alikiona kila mwaka. Sioni mahali anaposema ua halina thamani. Sioni pia mahali anapomwambia mfiwa asilie.

Kaka yako amenukuu kwa usahihi, hakukosea neno. Ila maneno ya kumtuliza mtu ukiyatamka kwa sauti ya kushinda ubishi, yanabadilika ladha. Naamini hicho ndicho kilichokutoa nje siku ile, kuliko hata parachichi.

Halafu kuna yule aliyesema tuyafikirie maua ya mashamba jinsi yameavyo. Unaikumbuka hiyo, Mathayo 6. Anasema hata Sulemani katika fahari yake yote hakuvikwa vizuri kama mojawapo la hayo, na papo hapo anakiri kwamba ni majani yaliyopo leo na kesho hutupwa kalibuni. Kalibu, yaani tanuri. Walikuwa wanawashia moto wa kuokea mikate. Mimi huwa naishangaa hesabu hiyo. Mtu wa kawaida hamshonei suti ya harusi mtoto atakayeivaa asubuhi moja. Yesu anasema Baba ndivyo anavyofanya, na analisema kama sifa yake. Kwa hiyo swali lako, kwa nini alihangaika, mimi silioni kama swali la mtu aliyepoteza imani. Naona umelishika palepale Bwana mwenyewe alipotutaka tutazame. Jibu kamili sina. Najua tu kwamba aliyepamba maua kwa siku nne hakuonekana kuona hasara.

Hapa nitachepuka kidogo, uniwie radhi. Petro naye anatumia lugha hii, katika waraka wake wa kwanza anasema tumewekewa urithi usioharibika, usio na uchafu, usionyauka. Hilo neno "usionyauka" kwa Kiyunani lina mzizi mmoja na jina ambalo wataalamu wa mimea waliipa jamii fulani, Amaranthus, yaani isiyonyauka. Unaijua jamii hiyo? Ni mchicha. Mchicha wetu huu, ambao ukichumwa alfajiri saa sita mchana umeshalala chali sokoni Mwanjelwa! Huwa nikiosha mchicha nacheka peke yangu. Binadamu tukitaka kutaja kisichonyauka tunahangaika, mwisho tunachukua kilichopo mkononi, nacho kinanyauka.

Ndiyo maana sitamcheka yule mama wa plastiki. Lakini kwanza nikuulize jambo, na ulipokee taratibu. Umeandika kwamba wamemfuta mama kwa wiki saba. Umeandika pia, kwa mkono wako mwenyewe, kwamba kwa Jumapili hizo saba vyombo vilikaa vitupu. Saba ni nyingi, mwanangu. Kama wangetaka kumfuta wangeweka plastiki Jumapili ya kwanza. Je, haiwezekani kwamba walikuwa wanasubiri? Labda hakuna aliyethubutu kugusa kazi ya miaka 31 ya mtu mwingine. Labda walikuwa wanatazama mlangoni kila Jumapili wakidhani binti yake ataingia na beseni. Pasaka ikawakuta, wakaona aibu meza iwe tupu siku ya ufufuo, wakaenda dukani. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema hujawauliza, nami sijawauliza, na sisi wote wawili tumeshawahukumu. Yule aliyekwambia hayanyauki huenda alikuwa anatafuta neno la kukufariji akapata la karibu. Plastiki yenyewe baada ya mwaka mmoja dirishani inapauka na kushika vumbi, na mtu atahitajika kuiosha kwa sabuni. Hata hiyo inadai mtumishi.

Nije kwa kaka.

Katika barua yako nimekwama kwenye sentensi moja. Umesema amesahau mstari mmoja wa vijiti, ule wa chini ya dirisha la mama. Mwanangu, mtu anayepima mashimo ya parachichi hasahau mstari. Anavuta kamba, anahesabu hatua, mita saba kwa saba, hadi mwisho. Akiruka mahali, ameparuka kwa makusudi. Inawezekana kuna bomba pale, au jiwe, au kivuli cha ukuta. Inawezekana pia kwamba usiku anapita pale na tochi akaona dirisha lile limefungwa, akashindwa. Wewe una mahali pa kukimbilia, una koasta ya kukurudisha Mbeya. Yeye anaamka kila asubuhi mbele ya mashina makavu ya mama yake. Kuna watu wakifiwa hushika kila kitu kisisogee, na wengine hubadilisha kila kitu haraka ili macho yapate pa kupumzika. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa namna mbili, kila mmoja akamwona mwenzake hana moyo. Swali langu kwako: umewahi kumwona kaka yako akilia tangu Februari? Kama hujamwona, unadhani amelilia wapi?

Haya, "maua hayaliwi." Ningekuwa kwenye kikao kile, nadhani ningeropoka. Parachichi linatoka wapi kama si kwenye ua? Na ua la mparachichi, kama hujawahi kulitazama, ni dogo, la kijani iliyofifia, na maisha yake ni kama siku mbili. La Hass hufunguka asubuhi likiwa jike, linajifunga, kesho yake mchana linafunguka tena likiwa dume, halafu basi. Mti mkubwa unatoa maua maelfu kwa maelfu, na katika kila mia hata moja halifiki kuwa tunda. Mengine yote yanaanguka chini. Kwa hiyo kaka anataka kung'oa maua yanayonyauka apande maua yanayonyauka upesi zaidi! Mwambie hilo siku mkiwa mnacheka, si siku mkiwa mnagombana.

Na nyuki ndio wanaobeba chavua kutoka mti hadi mti. Hapo ndipo naona pa kuzungumzia, maana bustani ya mama yenu bila shaka ina nyuki wake. Kwa nafasi ya mita saba, miaka mitatu ya kwanza miche bado midogo na jua linafika chini kila mahali. Watu hupanda maharage katikati, na dalia nazo zingeweza kukaa. Uzuri wa njia hii ni kwamba hakuna anayeshindwa. Ubaya wake nisikufiche. Miti ikishafunga kivuli dalia zitadhoofika kwa kukosa jua, haidranjia zitahimili kiasi. Kibarua mwenye fyekeo hatofautishi dalia na magugu. Dawa za kupulizia zinaua nyuki. Na kubwa kuliko yote, bustani inataka mtu. Mama alikuwa pale kila asubuhi na kisu chake. Wewe uko Mbeya na chaki mkononi, wifi yako hujaniambia kama anapenda maua au hapendi. Nani atapalilia? Kama huna jibu, unaweza kuishinda kesi ya bustani halafu ukaitazama ikifa polepole, na hilo naliogopa kwako kuliko jembe la kaka.

Njia ya pili ni kumwachia, na kuchukua viazi vya dalia na vipandikizi vya haidranjia. Umesema uwanja wenu ni sementi, lakini ndoo ya rangi iliyotobolewa chini inaotesha dalia vizuri tu. Ila ujiandae kwa jambo moja: ile bluu ya haidranjia za kwenu inatokana na udongo wenye tindikali. Ukiipanda kwenye udongo wa namna nyingine inaweza kuchanua ya waridi. Sitaki ije ikukute hujui, ukadhani hata rangi ya mama imekukimbia. Na jiulize, ukimwachia, utakuwa umemwachia kweli, au utakuwa unahesabu kila parachichi atakalouza?

Kuna kusubiri msimu mmoja, kumwomba kaka aache eneo lile lipite mvua moja bila kuguswa, mwaka wa kufiwa utimie. Mimi moyo wangu unapenda kusubiri, labda kwa sababu nimezeeka. Lakini miche iliyolipiwa haisubiri. Ikikaa sana kwenye mifuko mizizi inajizungusha na mti hauendi mbele, na ada ya chuo nayo haina mwaka wa maombolezo. Ukiomba hivyo, pengine utahitaji kubeba sehemu ya gharama.

Mirathi niipitie haraka. Kama ukoo bado haujapendekeza msimamizi na mahakama haijamthibitisha, ni vyema mkamaliza hilo kabla ya shimo la kwanza, kwa faida yenu wote. Kulitumia kama silaha ni jambo jingine. Mmebaki wawili.

Sasa nikueleze safari yangu. Mwaka mmoja mwezi Februari tulipanda Kitulo, kina mama wastaafu watupu, kwa ile njia ya Chimala yenye kona hamsini na saba. Nilikuwa nimefumba macho kuanzia kona ya kumi. Juu kule, zaidi ya mita 2,600, ni baridi na ukungu, halafu ukungu unafunguka na chini yake ni maua hadi upeo wa macho, ya njano, meupe, ya zambarau, na okidi za ardhini ambazo zipo aina 45 hivi. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Tangu 2005 ni hifadhi ya taifa, iliyoanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Mwenzetu mmoja akauliza, "Sasa haya yote yanachanua anayaona nani?" Hakuna aliyemjibu, tulikuwa tunatetemeka. Ukienda Agosti huoni kitu, ni nyasi kavu na mahali pengine weusi wa moto. Okidi nyingi zimejificha chini kwenye viazi vyao, zinangoja mvua za Novemba.

Kilichozitisha okidi zile ni watu kuchimba viazi na kuvisafirisha Zambia, kunakopikwa chakula wanachokiita chikanda. Kunyauka hakujawahi kuzimaliza, kila mwaka zinanyauka. Natambua mfano huu unaelekea upande wako, kaka akiusoma atanuna, nami sikuweza kuuacha. Basi niuegemeze na upande wake: wachimbaji wale nao walikuwa na ada za kulipa.

Kwa hiyo kaka aliposema "imeshakufa", huenda amekosea kuhusu dalia. Shina la dalia likikauka kiazi kinaweza kuwa kizima kabisa udongoni. Lakini nakusihi usikimbilie kuufanya mfano huo kuwa mama. Paulo ameandika kwamba uipandayo haihuiki isipokufa, na mimi nayaamini maneno yale, nimewazika wazazi wangu kwayo. Ila dalia itarudi Novemba, na mama hatarudi Novemba. Nimeona watu wakijifariji kwa chipukizi, siku chipukizi linatokea wanalia upya kuliko siku ya mazishi. Ikikutokea hivyo usidhani umerudi nyuma.

Kuhusu imani yako kufa: wewe unafungua Biblia, unakutana na aya, unakasirika, unafunga, kesho unafungua tena. Mtu asiyeamini hagombani hivyo na kitabu. Unasema unasali na ukuta. Ayubu alisema na ukuta sura nyingi sana, na yeye ndiye aliyelalamika kwamba mwanadamu huchanua kama ua kisha hukatwa. Hilo halikuandikwa kama dhambi yake. Kama utaweza, badala ya sala nzuri mwambie Mungu ulichoniambia mimi, kuhusu siku nne na ile harufu. Ukiona miezi inapita hulali, huli, darasani huwezi kusimama, tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana, mchungaji unayemwamini au mshauri katika kituo cha afya. Barua ina mwisho wake.

Na mumeo. "Ni maua tu, mama hayupo pale." Kwa nusu ya pili yuko sahihi. Nusu ya kwanza anaweza kuisema kwa sababu hakuwahi kulibeba lile beseni. Siku moja mpeleke, umwonyeshe kila ua lilipokuwa, umtajie rangi. Usimfundishe kitu, mwonyeshe tu.

Swali lako la tatu usilionee aibu. Nimelipenda kuliko yote. Mbinguni mama atafanya nini bila maua yaliyokwisha? Sijui, mwanangu. Petro anasema usionyauka, na sisi tunaosikia tunafikiria plastiki, kwa sababu kisichonyauka tulichowahi kukiona ni hicho tu. Mhubiri anasema Mungu amekifanya kila kitu kizuri kwa wakati wake, tena ameiweka milele ndani ya mioyo yao. Huwa nasimama kwenye hilo neno "tena". Viwili vimewekwa pamoja, wakati na milele, ndani ya mtu mmoja, ndiyo maana inauma. Umilele ukoje kwa mikono iliyozoea kisu kidogo, hilo sijaliona popote pameandikwa. Ninachokumbuka ni kwamba Yohana anasema kaburi la Bwana lilikuwa ndani ya bustani, na Mariamu alipomwona asubuhi ile alidhani ni mtunza bustani. Nakuachia hilo kama lilivyo.

Ukienda tena nyumbani, kabla ya kuzungumza na kaka kuhusu miche, muulize kuhusu mstari ule wa chini ya dirisha. Muulize kama mtu asiyejua, umwache ajibu polepole. Ukipata nafasi, mtafute na yule mama wa kamati, umuulize zile Jumapili saba zilikuwaje kwao.

Na kama mtakubaliana kuchimba viazi, wote au baadhi, vichimbeni kabla mvua hazijaanza, kwa uma wa shambani kuliko jembe. Usivunje kiazi kwenye shingo. Macho ya dalia yako pale shingoni, kinapoungana na shina, kiazi chenyewe hakina. Kila kipande kibaki na kidole cha shina la zamani, ukifunge kwenye gazeti kavu, uandike rangi yake juu. Kama rangi huzikumbuki, muulize wifi. Aliyekuja kukuinua matopeni siku ile huenda anazikumbuka.